Meli Kubwa, Kisiwa Kidogo: Nani wa Kusema Basi?

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kamati za parokia za pwani na visiwani, pamoja na wafadhili)



Nimeombwa nizungumze juu ya utalii na kipato cha jamii za pwani. Mada ni pana na saa ya chakula iko karibu, kwa hiyo nitashika pembe moja tu: meli kubwa za watalii, na visiwa vya mbali ambavyo vimeanza kuziambia meli hizo "msizidi idadi hii" au "msije kabisa". Nimechagua pembe hiyo kwa sababu sisi huku bado tuko katika hatua ya kuzitafuta. Mombasa imejengewa jengo la kupokelea abiria wa meli hizo. Zanzibar huzipokea hasa katika miezi ambayo Ulaya ni baridi. Kila inapotia nanga moja, vijana wetu wenye vinyago, vikoi na teksi hukimbilia bandarini, na siwalaumu hata kidogo. Lakini wako waliotutangulia katika biashara hii kwa miaka mingi, na inafaa tuwasikilize kabla hatujafika walipofika.

Tuanze na ukubwa, maana wengi wetu tunaposikia "meli" tunafikiria ile ya kwenda Pemba. Mwaka 2024 iliingia kazini meli iitwayo Icon of the Seas. Ikijaa kabisa hubeba abiria wapatao 7,600, na wafanyakazi wake ni zaidi ya 2,300. Jumla ni karibu watu 10,000 ndani ya chombo kimoja. Sasa kiko kisiwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, katika Polinesia ya Kifaransa, kinaitwa Bora Bora. Eneo lake la nchi kavu ni kama kilometa za mraba 30 na wakazi wake ni kama 10,000. Ukipeleka meli moja ya namna ile pale, umeweka kisiwa cha pili juu ya kisiwa cha kwanza kwa muda wa saa nane, kisha jioni umekiondoa, na taka, jasho na msongamano vimebaki.

Bora Bora imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na mlango wa meli kuingia ndani ni mmoja tu. Hakuna gati la meli kubwa. Meli hutia nanga ndani ya maji tulivu, na abiria huletwa na boti ndogo hadi kijiji cha Vaitape. Maji ya kunywa hayatoshi kutoka mlimani, hivyo sehemu yake husafishwa chumvi kutoka baharini, kazi ambayo ni ya gharama. Kwa mazingira kama hayo, tangu mwaka 2022 kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 1,200 wa meli kwa siku. Meya wa kisiwa wakati huo, Gaston Tong Sang, ambaye pia amewahi kuwa rais wa Polinesia ya Kifaransa, alisimamia uamuzi huo. Meli ndogo zinaendelea kuja kama kawaida.

Naomba mtazame wakati uamuzi ule ulipofanyika. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha meli za kitalii dunia nzima. Kisiwa kikapata nafasi ya kujiona kilivyo bila meli, na ziliposogea kurudi, kikomo kilikuwa kinaandaliwa. Isitoshe, Bora Bora hula zaidi kwa wageni wanaolala hotelini siku kadhaa. Walikuwa na chungu kingine jikoni. Nitarudi kwenye hilo la chungu.

Visiwa vya Pasifiki vina sababu nyingine ya kuogopa meli, ya zamani kidogo. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, ilifika Apia huko Samoa ikiwa na wagonjwa wa mafua. Watawala wa wakati ule waliiruhusu ishushe abiria. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano wa Samoa alikufa, watu wapatao 8,500. Visiwa jirani vya Samoa vilivyokuwa chini ya Marekani vilifunga bandari, gavana wao John Poyer akakataa kabisa, na huko hakufa mtu hata mmoja kwa mafua yale. Watu wa kule wanapozungumza juu ya nani ashuke na nani asishuke, wanazungumza wakiwa na makaburi ya babu zao.

Sasa twende kwenye methali yetu. Tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Ni methali njema na mimi nimelelewa nayo. Lakini mgeni wa methali hiyo alikula nyumbani kwako, akalala kwenye kitanda chako, na asubuhi ukamtuma mtoto dukani kwa ajili yake. Mgeni wa meli kubwa amekwisha kulipia chakula, kitanda, muziki na hata bwawa la kuogelea kabla hajaondoka kwao. Anashuka saa tatu asubuhi akiwa ameshiba, na saa tisa alasiri anarudi melini kwa sababu chakula chake cha jioni kinamsubiri. Matembezi yake ya nchi kavu mara nyingi ameyanunua ndani ya meli, na meli hujikatia fungu lake kabla ya kumlipa mwenye basi au boti. Methali nyingine inasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu hafiki hata usiku wa siku ya kwanza!

Hata hivyo nisitie chumvi. Ziko fedha zinazobaki. Dereva hupata, mwongozaji hupata, mama wa kusuka vikapu hupata, na mji hutoza ushuru. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe, na kwa sababu hiyo nataka kukaa kidogo na mji mmoja ambao haukufanya kama Bora Bora.

Mji huo ni Sitka, katika kisiwa cha Baranof, jimbo la Alaska nchini Marekani. Huwezi kufika Sitka kwa gari kutoka mji mwingine wowote. Ni kwa meli au kwa ndege tu. Wenyeji wake wa asili ni watu wa kabila la Tlingit. Warusi walikuja wakaufanya makao makuu yao, na ni hapo hapo mwaka 1867 bendera ya Urusi ilipoteremshwa na ya Marekani kupandishwa. Kanisa kuu la Kiorthodoksi la Mtakatifu Mikaeli limesimama mpaka leo katikati ya barabara kuu ya mji, magari yanalizunguka. Watu wake hawafiki 9,000. Wengi huishi kwa uvuvi, na samaki wa Sitka ni mali inayojulikana.

Mwaka 2019 abiria wa meli waliofika Sitka walikuwa laki mbili na ushei. Kisha gati la binafsi, lililoko nje kidogo ya mji, likapanuliwa ili liweze kupokea meli kubwa mbili kwa wakati mmoja. Kufikia mwaka 2023 abiria walizidi laki tano kwa msimu mmoja, na msimu wenyewe ni wa miezi michache tu ya kiangazi. Siku zenye meli nyingi, barabara ile kuu hufungwa kwa magari ili watu wapite kwa miguu. Mabasi huzunguka kutwa kati ya gati na mji. Mkazi anayetaka kwenda posta au kumzika ndugu yake hujipangia siku kwa kutazama ratiba ya meli.

Wananchi wachache wakaanza kukusanya saini ili jambo lipigiwe kura. Majaribio yao ya kwanza yalikataliwa na wanasheria wa mji kwa sababu za maandishi na sheria. Hawakukata tamaa, wakaandika upya. Hatimaye, tarehe 28 Mei 2025, wapiga kura wa Sitka waliulizwa kama wanataka abiria wasizidi laki tatu kwa mwaka.

Walikataa, na kwa wingi mkubwa.

Ndugu wajumbe, ningependa msiwaone watu wa Sitka kuwa ni watu wa tamaa. Wekeni mtu wenu pale. Yuko kijana aliyekopa benki mwaka 2022 akanunua boti ya kuwapeleka wageni kutazama nyangumi. Yuko mama aliyekodi duka. Yuko mwanafunzi anayelipia chuo kwa kazi ya msimu wa meli. Laki tatu ni nyingi kuliko idadi ya mwaka 2019, lakini kwa yule aliyeanza biashara baada ya hapo, kura ile ilikuwa na maana ya kumrudisha nyumbani. Nani wetu angempigia kura mwanawe arudi nyumbani? Nadhani hata mimi kalamu ingenitetemeka.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo: kikomo ni rahisi kuwekwa kabla watu hawajaanza kula kwa meli. Baada ya hapo, kila abiria unayempunguza ana mwenyeji aliyekwisha kumhesabu, na mara nyingi ni mwenyeji mnyonge. Mwenye gati atapata hasara, lakini atakula. Mama wa duka la kukodi hana pa kwenda.

Mfano wa upande wa pili uko Bar Harbor, katika kisiwa cha Mount Desert, jimbo la Maine, huko huko Marekani. Kisiwa hiki kimeunganishwa na bara kwa daraja, kwa hiyo si cha mbali kama Sitka, lakini kisa chake kinatufaa. Novemba 2022 wapiga kura walipitisha kwamba wasishuke abiria zaidi ya 1,000 kwa siku, na kila anayezidi alipiwe faini ya dola 100. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani. Februari 2024 jaji aliupa mji haki kwa sehemu kubwa. Novemba ya mwaka huo huo wananchi wakaulizwa tena kama wanataka kuifuta sheria ile, wakakataa kuifuta kwa tofauti ya kura chache mno. Agosti 2025 mahakama ya rufaa nayo ikakubaliana na sehemu kubwa ya hukumu, ikarudisha hoja moja iangaliwe upya.

Kwa nini Bar Harbor waliweza na Sitka hawakuweza? Zipo sababu nyingi, lakini moja ninaiona wazi. Kando ya Bar Harbor iko hifadhi ya taifa ya Acadia, inayotembelewa karibu mara milioni 4 kwa mwaka, na wengi wa wageni hao huja kwa magari yao, hulala na hula mjini. Meli kwao ni kitoweo cha ziada. Ni kile chungu kingine nilichokitaja kwa Bora Bora. Mwenye chungu kimoja tu hawezi kukiepua motoni kwa sababu moshi unamwingia machoni.

Iko njia ya tatu, nayo ni mapatano. Juneau ni makao makuu ya Alaska. Si kisiwa, ila nako hakuna barabara ya kuingia, kwa hiyo huishi kama kisiwa. Mji ulikaa mezani na makampuni ya meli, wakakubaliana zisizidi meli kubwa tano kwa siku kuanzia mwaka 2024. Kisha wakaongeza mapatano mengine yaliyoanzia mwaka 2026: vitanda vya abiria visizidi 16,000 kwa siku za kawaida na 12,000 siku ya Jumamosi. Mnaona wenyewe kwamba idadi hiyo bado ni kubwa kwa mji wa watu wapatao 32,000. Mapatano hayamuudhi mtu sana, lakini pia hayapunguzi sana. Oktoba 2024 wananchi wengine walitaka Jumamosi iwe siku isiyo na meli kubwa kabisa. Kura zao hazikutosha.

Juneau inatufundisha jambo jingine ambalo waweka hazina wa kamati watalipenda. Mji ule ulikuwa unatoza ada kwa kila abiria, na sehemu ya fedha ukaitumia kwenye bustani yenye sanamu kubwa ya nyangumi. Makampuni ya meli yakaushitaki mwaka 2016. Mwaka 2018 mahakama ikasema mji unaweza kutoza ada, lakini fedha ni lazima zitumike kwa huduma zinazohusu meli zenyewe. Kwa hiyo msidhani ushuru wa bandarini ni kapu la kutatulia kila shida ya kijiji. Someni kwanza sheria inasema fedha hizo ni za nini.

Nipite haraka Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Huko serikali kuu ndiyo iliyoamua. Tangu tarehe 1 Januari 2025, meli zinazoingia katika maeneo yaliyohifadhiwa, ambayo ni karibu theluthi mbili ya nchi kavu yote, hazitakiwi kuwa na abiria zaidi ya 200, na mahali pa kushukia pametajwa kwa idadi. Sababu mojawapo ni uokoaji. Mji mkuu wao, Longyearbyen, una watu wapatao 2,500 na hospitali ndogo. Mgonjwa mahututi hupelekwa bara kwa ndege. Mwezi Juni 1989 meli ya Kisovieti Maxim Gorkiy iligonga barafu karibu na visiwa hivyo ikiwa na watu zaidi ya 900. Meli ya walinzi wa pwani wa Norway ikawahi, na wote wakaokolewa, wengine wakiwa juu ya vipande vya barafu. Bahati ya namna hiyo haipangiwi bajeti. Hata hivyo, baadhi ya wenye biashara ndogo za Longyearbyen walilalamika kwamba sheria ile iliwabana na wao, wenye boti za watu kumi na wawili, wakati kilichokusudiwa ni meli kubwa. Uamuzi unaweza kuwa mzuri kwa mazingira na bado mwenyeji akaona hakuulizwa.

Na kiko kisiwa cha Pitcairn, ambacho mimi binafsi nakipenda kuliko vyote. Kiko peke yake Pasifiki ya kusini na watu wake hawafiki 60. Hakina uwanja wa ndege, na mahali pa kutua kwa boti ni padogo na pa hatari. Meli kubwa ikipita, abiria wake kwa kawaida hawashuki. Wenyeji ndio wanaopanda boti zao, wakaifuata meli baharini, wakaingia na vinyago vya mbao, asali na stempu, wakauza, wakazungumza na watu, kisha wakarudi nyumbani jioni na fedha mkononi. Kisiwa kimebaki kama kilivyokuwa asubuhi. Sijui kama tunaweza kufanya hivyo hapa kwetu, maana papasi wetu wakipanda melini nahodha atapiga king'ora! Lakini wazo lenyewe, kwamba bidhaa imfuate mgeni badala ya mgeni kujaa kijijini, linastahili kufikiriwa na vikundi vya akina mama.

Niseme neno dogo kwa wafadhili wetu, na mniwie radhi kwa kuwa ni ndugu. Siku moja katika parokia moja ya kisiwani tulipokea ujumbe wa wageni 42 kwa pamoja, kijiji kina kisima kimoja chenye maji matamu. Walikaa saa tano. Akina mama walikuwa wameamka saa tisa usiku kuchota maji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tangu hapo ofisi yetu hugawa ujumbe wa wageni katika makundi ya watu kumi, na hakuna mfadhili aliyetukimbia kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kamati zifanye nini? Bandari na sheria za bahari si za parokia. Hizo ni za serikali na mamlaka zake. Lakini mashauriano yakija kijijini, na mara nyingi huja kwa haraka, katika mkutano wa siku moja wenye soda, kamati yenye hesabu mkononi husikilizwa kuliko kamati yenye malalamiko. Kwa hiyo naombeni mkifika nyumbani mhesabu. Visima vyenu hutoa ndoo ngapi kwa siku wakati wa kiangazi? Zahanati ina vitanda vingapi? Boti zinazoweza kubeba watu salama ni ngapi, na zina majaketi ya kuokolea mangapi? Choo cha sokoni kinabeba watu wangapi kabla hakijafurika? Halafu ulizeni nyumba kwa nyumba: ni nani leo hula kwa mgeni anayelala, na nani anategemea mgeni wa kupita? Msiwasahau wavuvi ambao nyavu zao ziko pale pale meli itakapopita, kwani mara nyingi hawaji kwenye mikutano kwa sababu wako baharini.

Mkishapata hesabu, jadilini idadi mnayoona kisiwa kinaimudu, muiandike kwenye muhtasari na kuipeleka kwenye serikali ya kijiji mapema, kabla ya kijana wa kwanza kukopa fedha za boti. Na kama mwafikiri kwamba hampendi kikomo chochote, hilo nalo liandikwe, na sababu zake. Watu wa Sitka walifikia uamuzi wao kwa kura ya wazi, na hilo peke yake ni jambo la heshima.

Karatasi za kuhesabia ziko mezani kwa katibu, moja kwa kila parokia. Tunaziomba zirudi kabla ya mkutano wa robo mwaka ijayo. Sasa nipokee maswali, na naomba tuanze na wenzetu wa visiwani, maana wana boti ya kuwahi.